Usome habari, historia au lugha ya kigeni? Ulinganisho kwa anayetaka kuwa mwandishi wa habari

Aliyemaliza kidato cha sita na HKL, HGL au KLF yake (tahasusi za historia, jiografia na lugha), akisema anataka kuwa mwandishi wa habari, hujibiwa vilevile kila anapouliza: nenda kasome uandishi wa habari. Jibu hilo lina sababu yake, lakini linaruka jambo ambalo wahariri wanalijua. Kuandika habari ya maneno 300 ndani ya dakika 40 hujifunzwa kwa mwaka mmoja, ukikaa chini ya mhariri mkali. Kupekua jalada la kumbukumbu, kujua mgogoro wa ardhi ulianzia wapi, au kumhoji kanali wa jeshi kwa Kifaransa ni mambo yanayotaka miaka, na hakuna mhariri atakayekupa miaka hiyo huku ukurasa unasubiri kufungwa. Hivyo suala kubwa ni mpangilio: kipi kitangulie na kipi kifuate.

Kabla ya yote, kitambulisho

Tanzania Bara, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati (kibali rasmi kinachompa kitambulisho), na kanuni zake za 2017 zinataja elimu isiyopungua stashahada ya uandishi wa habari au fani inayohusiana nayo. Shahada ya historia peke yake, hata iwe ya daraja la kwanza, haikupi uhakika wa kitambulisho. Zanzibar ina sheria zake. Kenya, kitambulisho hutolewa na Baraza la Habari la Kenya chini ya sheria ya 2013, nacho huhuishwa kila mwaka. Masharti haya hubadilika. Yasome kwenye chombo husika kabla ya kulipa ada ya chuo, usiyasikie kwa rafiki.

Kosa linalowagharimu wengi ni kusoma shahada ya lugha miaka mitatu, kuanza kuandika kwa mafanikio, kisha kukwama mlangoni kwenye shughuli ya serikali kwa sababu hawana ithibati. Wapo pia wanaokimbilia cheti chochote cha miezi michache ili wapate kadi, wakaishia kuitwa makanjanja na wenzao. Stashahada halali Tanzania ni ngazi ya 6 ya NTA (tuzo za taifa za ufundi), kutoka chuo kilichosajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Usajili wenyewe uthibitishe kabla hujaanza.

Njia tatu kwa kifupi

| | Shahada ya habari | Historia, fasihi, isimu au siasa, kisha stashahada ya habari | Lugha ya kigeni, kisha stashahada ya habari |
|---|---|---|---|
| Muda (Tanzania) | Miaka 3 | Miaka 3, kisha 1 hadi 2 | Miaka 3, kisha 1 hadi 2 |
| Siku ya kwanza kazini | Unaandika, unarekodi, unahariri sauti na picha | Unajua kuuliza na kuchimba, unaandika polepole | Unasoma na kuhoji ambako wenzako hawafiki |
| Pengo | Huna somo unalolimudu kuliko wengine | Mbinu za studio na kasi | Mbinu za studio, na pengine Kiswahili chenyewe |
| Hufaa zaidi | Utangazaji, redio, runinga, habari za kila siku | Uchunguzi, makala, siasa, mahakama | Idhaa za kimataifa, mashirika ya habari, habari za mipakani |

Kenya ongeza mwaka mmoja, kwa kuwa shahada huko huchukua miaka 4.

Pale ambapo shahada ya habari inatosha

Anayetaka kusimama mbele ya kamera, kuendesha kipindi cha redio au kuhariri video, aende moja kwa moja kwenye shahada ya habari bila kujiuliza sana. Atahitaji studio, vifaa na mafunzo kwa vitendo, na vitu hivyo havipatikani katika idara ya historia. Shule ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kule Mwanza, na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi zina mizizi mirefu katika kazi hiyo. Faida nyingine isiyosemwa sana ni sheria: kashfa, kuingilia mwenendo wa kesi, ulinzi wa watoto na waathirika. Aliyetoka isimu kwa kawaida huyagundua haya siku barua ya wakili inapofika.

Udhaifu wake unajulikana. Mhitimu hupewa habari ya bajeti ya halmashauri, akaandika vizuri alichosema mkurugenzi, asijue kwamba fedha za maendeleo zilizoidhinishwa na zilizopokelewa ni namba mbili tofauti. Aya ya kwanza inakuwa nzuri, swali lenyewe halikuulizwa. Ukichagua njia hii, tumia masomo ya hiari kujenga eneo moja: uchumi, historia, sheria au lugha. Masomo manne ya hiari katika fani moja yana faida kuliko manne katika fani nne.

Historia, fasihi na isimu: kinachohamia kwenye habari

Mwanafunzi wa historia hufundishwa kuulizia waraka maswali manne kabla ya kuuamini: nani aliuandika, lini, kwa ajili ya nani, na alikuwa na faida gani kwa kuuandika hivyo. Waraka uliovuja ukitua WhatsApp, maswali ni hayohayo. Historia pia inakuzoesha subira ya jalada. Tanzania, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa taasisi siku 30 kujibu ombi lako. Sheria ya Kenya ya mwaka huohuo inatoa siku 21, au saa 48 pale jambo linapogusa uhai au uhuru wa mtu. Waandishi wengi hawaandiki kabisa maombi hayo kwa kuwa wanataka habari ya leo. Wanaoandika hukosea kwa kuomba "taarifa zote kuhusu mradi", ombi lisilojibika. Omba waraka wenye jina, tarehe na ofisi: mkataba fulani, taarifa ya ukaguzi ya mwaka fulani, orodha ya waliolipwa fidia katika kijiji fulani.

Isimu na fasihi zina kazi yake, na mfano mzuri uko Arusha. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, iliyohukumiwa mwaka 1998, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ililazimika kumwita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, aeleze maana ya maneno ya Kinyarwanda kama *inyenzi*. Kamusi inasema mende, basi. Lakini neno hilo lilikuwa jina la wapiganaji wa uhamishoni miaka ya 1960, na kufikia 1994 lilikuwa linaelekezwa kwa Watutsi kwa jumla. Isimu bila historia isingelifafanua, wala historia bila isimu. Hukumu yenyewe inaeleza pia kwamba ushahidi ulitafsiriwa kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Mwandishi aliyenukuu Kiingereza alikuwa ananukuu mkono wa tatu.

Tuseme na upande wa pili, maana walimu wa fani hizi hupenda kudai kwamba zinamfanya mtu muungwana. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji hayo ya Rwanda, alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Mahakama hiyohiyo ilimtia hatiani mwaka 2003, na rufaa ya 2007 ikamwachia kifungo cha miaka 30. Historia inampa mtu zana, na maadili ya kazi yanahitaji somo lake na usimamizi wake.

Kuhusu Kiswahili kama fani: wengi hukidharau kwa kuwa wamezaliwa nacho. Sikiliza taarifa ya habari, utasikia "mtuhumiwa ameweza kukamatwa", kana kwamba alijitahidi siku nyingi akafaulu. Utasikia mtuhumiwa, mshtakiwa na mfungwa wakitumika kwa mtu mmoja katika habari moja, ilhali hayo ni madaraja matatu ya kisheria na kuyachanganya ni kujialika mahakamani. Aliyesoma Kiswahili hadi shahada huajirika kama mhariri msanifu, mfasiri na mtayarishaji wa idhaa, na dawati hilo lina ushindani mdogo kuliko la michezo.

Lugha za kigeni: zipimwe kwa habari zinazofungua

Usichague lugha kwa uzuri wake wala kwa kuwa ubalozi unagawa ufadhili. Uliza: ni nyaraka gani, watu gani na habari gani nitakazofikia mimi ambazo mwenzangu wa dawati la jirani hazifikii?

*Kifaransa* ndicho chenye faida ya haraka kwa mwandishi wa Afrika Mashariki. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Burundi na Rwanda zilikuwamo tangu zamani, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha imepokea mashauri mengi kutoka nchi zinazotumia Kifaransa. Mashariki mwa Kongo shahidi atakueleza kwa Kiswahili, chake cha kule, chenye *batu* kwa watu, na mtaelewana. Taarifa ya jeshi, hukumu na amri ya gavana ziko kwa Kifaransa.

Mitego yake ni mahususi. Kwanza, Kifaransa cha magazeti kina umbo la kitenzi la kusema jambo lisilothibitishwa: *le général aurait quitté la ville* maana yake inadaiwa jenerali ameondoka mjini. Mwenye Kifaransa cha shule huandika "jenerali ameondoka mjini", na uvumi umeshakuwa habari kamili. Pili, *prévenu* ni mshtakiwa, hana uhusiano na kuonywa. *Mis en examen* ni aliyewekwa chini ya uchunguzi rasmi, hajahukumiwa kwa lolote. Tatu, namba: *un milliard* ni bilioni yetu moja, lakini *un billion* ni trilioni.

Hapo kwenye namba tukae kidogo, maana ndipo makosa ya aibu hutokea. Kijerumani kinafuata mtindo uleule wa Kifaransa: *Milliarde* ni bilioni, *Billion* ni trilioni. Kireno cha Msumbiji husema *mil milhões* kwa bilioni, na *bilião* kwa trilioni, ila Kireno cha Brazil huita bilioni *bilhão*. Kichina huhesabu kwa makumi elfu: *wan* ni 10,000 na *yi* ni 100,000,000, hivyo 3,500 *wan* ni milioni 35 na 30 *yi* ni bilioni 3. Aliyekulia kwenye laki ataelewa haraka kwa nini kichwa huchanganyikiwa. Dawa ni moja: andika namba kwa sifuri zake zote pembeni ya daftari, kisha ndipo uitafsiri. Na saa nazo: 14h30 ni saa 8:30 mchana. Kila siku kuna tangazo la mkutano linalokosewa kwa hilo.

*Kireno* hakisomwi na wengi huku kwetu, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Vita vya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, ng'ambo tu ya Ruvuma. Palma ilishambuliwa Machi 2021, karibu na mradi mkubwa wa gesi. Wakazi wa pwani ile wanaongea Kimwani na Kimakonde, na wengi wanaelewa Kiswahili, lakini serikali, polisi na mikataba ni Kireno. Mwandishi wa Mtwara mwenye Kiswahili na Kireno cha kati ana kitu ambacho shirika la habari la kimataifa hutafuta kwa taabu.

*Kiarabu* kinamfaa anayeandika habari za wafanyakazi wa ndani walioko Ghuba, za Sudan, au historia ya Zanzibar, ambayo hifadhi yake ya nyaraka ina makaratasi mengi ya Kiarabu. Mswahili anaanza na akiba: habari, makala na mhariri vyote asili yake ni huko. Akiba hiyo nayo ina sumu ndani, kwa mfano sakafu yetu iko miguuni na *saqf* ya Mwarabu iko juu ya kichwa. Tatizo kubwa ni kwamba Kiarabu fasihi cha darasani kitakusomea mkataba wa kazi, lakini mwajiri wa Muscat au Riyadh kwenye simu haongei hivyo. Panga kujifunza viwili, fasihi kwa nyaraka na lahaja moja kwa mahojiano.

*Kichina* kinasifiwa kupita kiasi kwa sababu moja: watu hudhani kitafungua mikataba ya reli na bandari. Mikataba mingi ya aina hiyo na serikali zetu huandikwa kwa Kiingereza. Kinachofunguka ni kile ambacho kampuni inasema nyumbani kwake: taarifa kwa wanahisa, matangazo ya kushinda zabuni, habari za magazeti ya huko. Ni madini ya kweli, ila yanachimbwa kwa miaka.

*Kijerumani* kina kazi finyu lakini yenye kina. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, mjusi wa Tendaguru (dinosaria) aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 ambaye mifupa yake iko Berlin, fuvu la Mangi Meli, mtawala wa Wachagga aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900: hizi ni habari zinazoendelea, na majalada yake ni ya Kijerumani. Tahadhari: mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani uitwao Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Na kama Kifaransa, kina umbo la kitenzi la kunukuu kauli ya mtu bila kuithibitisha: *er sei krank* ni "anasema, au inasemwa, kwamba yu mgonjwa".

Saa, ngazi na hesabu yake

Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wake hukadiria saa 600 hadi 750 za darasani kwa Kifaransa au Kireno, karibu 900 kwa Kijerumani, na 2,200 kwa Kiarabu au Kichina. Makadirio hayo ni ya anayeongea Kiingereza, tena mwanafunzi wa kutwa. Ukitenga saa moja kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, unapata saa 200. Miaka 3 ya chuo inakupa 600: Kifaransa kimeshika. Kwa Kichina mwendo huo unadai miaka 11. Kwa hiyo Kifaransa na Kireno vinaweza kuwa somo la pembeni la mtu wa historia au habari, kwa mfano jioni Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa. Kiarabu na Kichina vikiwa vya pembeni hufa. Ama uvisomee shahada, ama uviache.

Kwa ngazi za Ulaya za kupima lugha, A1 (anayeanza) hadi C2 (aliyebobea), kazi ya habari inakata hivi: B1 yatosha kusoma tangazo kwa kamusi na kujua kama kuna habari ndani yake. B2 yatosha kuhoji mtu uso kwa uso, ukirekodi. Kuandika habari ya kuchapishwa kwa lugha hiyo kunataka C1 na mhariri juu yake. Wengi huandika "Kifaransa: kizuri" kwenye wasifu wao wakiwa A2. Cheti cha DELF B2, mtihani rasmi wa Kifaransa, huondoa ubishi.

Chini ya B2 tumia mkalimani, na umtumie vizuri. Mwambie atafsiri kwa nafsi ya kwanza, "niliona", asiseme "anasema aliona". Rekodi sauti zote mbili. Baadaye mpe mtu mwingine dakika tano za rekodi, achague mwenyewe wapi, atafsiri bila kuona tafsiri ya kwanza. Zikipishana mahali penye tuhuma, usichapishe nukuu hiyo. Programu za tafsiri zinafaa kukupa picha ya jumla ya waraka, lakini hukosea hasa pale penye hatari, yaani vitenzi vya "inadaiwa" na lugha ya mahakama. Waraka wa siri usiuweke humo kabisa.

Soko la idhaa za Kiswahili

BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, Radio China Kimataifa 1961, DW ya Ujerumani 1963, RFI ya Ufaransa 2010, na TRT Afrika ya Uturuki imeingia 2023. Mtayarishaji wa idhaa hizi huishi kwa tafsiri: malighafi inakuja kwa lugha ya nyumba ile, inatoka kwa Kiswahili, na muda ni mfupi. Hapo mwenye lugha anamzidi mwenye shahada ya habari peke yake, ilimradi Kiswahili chake kimenyooka. Lakini fedha ni za serikali za wenyewe. Machi 2025 Washington iliwapa wafanyakazi wa Sauti ya Amerika likizo ya lazima na matangazo yakakatika, Kiswahili kikiwamo. Anayechagua lugha kwa ajili ya mwajiri mmoja amejifunga kwenye bajeti ya bunge lisilomjua.

Kwa hiyo uchague vipi

Ukitaka utangazaji na kazi ya haraka, soma shahada ya habari, na Kifaransa jioni. Ukitaka uchunguzi, mahakama au siasa, soma historia, sheria au sayansi ya siasa, kisha stashahada ya habari. Muda huo wa ziada utaulalamikia sasa, hutaulalamikia ukiwa na miaka 35. Ukitaka Kongo, Msumbiji au Ghuba, lugha itangulie, na stashahada iifuate upesi. Na kama familia ina uwezo wa kulipia miaka mitatu tu bila nyongeza, Tanzania jibu ni shahada ya habari, kwa sababu ya ithibati. Lugha utaijenga kwa zile saa 200 za kila mwaka.

Njia yoyote utakayoshika, mhariri hataomba kuona matokeo yako ya mitihani kwanza. Ataomba kazi sita au nane zilizochapishwa. Hakikisha mbili kati yake zinatokana na waraka au shahidi ambaye bila fani yako usingemfikia, na kwa kila moja uweze kueleza ndani ya dakika mbili ulivyoithibitisha.